Mwana wa Msumbiji na Umati wa Kyoto

Yeyote aliyewahi kushuka peke yake katika mji mkubwa wa ugenini anafahamu jinsi siku ya kwanza ilivyo. Miguu haijui njia, masikio hayajui maneno, na kila apitaye huonekana kuwa anajua aendako isipokuwa wewe. Vijana wa Palma na Mocímboa da Praia waliovuka mto Ruvuma, wakapita Mtwara na kuingia Kariakoo kwa mara ya kwanza, wamekwisha kuyaonja hayo. Nao angalau walikuta lugha imewatangulia, kwani Kimwani na Kiswahili ni ndugu. Askari aliyehamishiwa mkoa wa mbali, akaiacha familia yake nyuma, anayajua vilevile. Lakini je, umewahi kumfikiria mtu aliyeingia katika mji ambao wakazi wake walikuwa hawajapata kumwona mwanadamu wa rangi yake?

Mtu huyo alikuwako. Mji wenyewe ni Kyoto, ambao wakati huo ulikuwa mji mkuu wa Japani, na siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 27 Machi 1581. Wajapani walimwita Yasuke. Huenda watoto wa siku hizi wanalijua jina hilo kuliko wazazi wao, maana mwaka 2021 ilitolewa filamu ya katuni ya mfululizo juu yake, na mwaka 2025 akatokea katika mchezo wa kompyuta unaouzwa dunia nzima. Humo anarukaruka na kukata watu vichwa. Habari zilizoandikwa na watu waliomwona kwa macho yao ni fupi kuliko hizo, na kwa maoni yangu ni tamu zaidi, hasa habari za siku zake za kwanza mjini.

Kutoka pwani hii hadi Japani

Padre Mfaransa wa shirika la Wajesuiti, François Solier, katika historia yake ya Kanisa la Japani iliyoanza kutolewa mwaka 1627, aliandika kwamba Yasuke alikuwa mtumishi mweusi, mzaliwa wa Msumbiji, mmoja wa wale waitwao hasa Makafiri. Maneno hayo mawili, Msumbiji na Kafiri, yafaa tuyatazame kidogo.

Katika karne ile Mreno aliposema Msumbiji alikuwa akikitaja kwanza kile kisiwa chenye ngome, kilichoko leo katika mkoa wa Nampula, na pamoja nacho pwani iliyofanya biashara nacho. Pwani hiyo ilipanda kaskazini kwa kufuata visiwa vya Kerimba hadi Rasi ya Delgado. Watu wa Kerimba walikuwa wakifuma vitambaa vya rangi ya nili vilivyosifika, na walikuwa wamekwisha kuuonja moto wa Wareno, ambao walikishambulia kisiwa chao mwaka 1523. Ama neno Kafiri, hilo lilitoka katika vinywa vya watu wa pwani wenyewe. Waislamu wa miji ya pwani waliwaita hivyo majirani zao wa bara wasiofuata dini yao. Wareno wakalichukua neno wakalifanya jina la mtu mweusi yeyote asiye Mwislamu. Kwa hiyo, tukimfuata Solier, Yasuke alikuwa mtoto wa vijiji vilivyo nyuma ya miji ya pwani, vijiji vya mtama na uwindaji. Mmakua na Mmakonde wote wana haki ya kumwita ndugu, na Mmwani akitaka kuingia katika ukoo huo simwoni wa kumzuia.

Njia ya kwenda Mashariki ilikuwa njia ya upepo. Meli za Wareno zilitia nanga Msumbiji kungoja kusi iwasukume hadi Bara Hindi, na aliyekosa msimu alikaa pale miezi mingi, wengine wakifa kwa homa. Mwaka 1574 alipita kisiwani hapo padre Mwitalia, Alessandro Valignano, aliyetumwa kuwa mkaguzi wa wamisionari wa Kijesuiti wa Mashariki yote. Mwezi Septemba mwaka huohuo alikuwa Goa. Kutoka Goa safari zake zikampeleka Malaka, kisha Macau katika pwani ya China, na tarehe 25 Julai 1579 akashuka Kuchinotsu, kusini mwa Japani. Yasuke alikuwa mtumishi wa Valignano huyo.

Kwa muda wa miezi ishirini hivi msafara ulikaa kusini, katika kisiwa cha Kyushu, ambako meli za Wareno zilikuwa zikifika mara kwa mara na wageni hawakuwa kioja kikubwa. Miezi hiyo ina maana sana katika habari hii, nasi tutairudia.

Mlango wa mapadre

Machi 1581 Valignano alisafiri kwa bahari kwenda kuonana na mtawala wa Kyoto. Alishukia Sakai, bandari ya wafanyabiashara matajiri, akasherehekea Pasaka katika ngome ya bwana mmoja Mkristo pale Takatsuki, na kesho yake akaingia mjini.

Kyoto haikuwa kijiji. Ilijengwa mwaka 794 kwa kufuata ramani ya miji mikuu ya China, barabara zake zimenyooka na kukatana kama mistari ya bao la dama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1467 viliiteketeza kwa miaka kumi, na mwaka 1573 sehemu yake ya juu ikachomwa tena. Hata hivyo watu wake walikuwa na mazoea ya kujenga upya. Walikuwamo wafumaji wa hariri, wafua panga, watengenezaji wa pombe ya mchele, watawa wenye vichwa vilivyonyolewa, waungwana wa kasri la mfalme, na wachuuzi wa kila aina. Mitaa ilikuwa na mageti yaliyofungwa usiku kwa kuwaogopa wezi na majeshi. Katikati ya msongamano huo, katika sehemu ya chini ya mji, Wajesuiti walikuwa wamejenga kanisa la ghorofa tatu mwaka 1576, na huko ndiko Yasuke alikofikia.

Habari zilimtangulia. Luís Fróis, padre Mreno aliyekuwamo katika msafara, aliandika barua ya tarehe 14 Aprili 1581 akieleza yaliyotokea. Watu walifurika mbele ya nyumba ya mapadre wakitaka kumwona mtu mweusi. Wakasukumana, wakagombana, mawe yakarushwa, wengine wakajeruhiwa, na wengine nusura wapoteze maisha. Walinzi walikuwapo wengi langoni, lakini kazi ya kuuzuia umma usivunje milango iliwashinda nguvu.

Hebu ndugu zetu wa polisi watafakari kazi hiyo. Umati wa aina hii hauna hasira, hauna madai, wala hauna kiongozi wa kuzungumza naye. Una hamu tu, na hamu ya watu elfu moja katika kichochoro kimoja huua kama silaha. Na ndani ya nyumba, nyuma ya mbao za mlango unaotikisika, ameketi kijana mmoja anayejua kwamba kelele zote zile ni kwa ajili ya ngozi yake.

Padre Fróis aliongeza jambo lingine. Alisema kama mtu angemwonyesha yule Kafiri kwa malipo, katika muda mfupi angeweza kukusanya dhahabu ya Kireno elfu nane au kumi. Hakuna aliyefanya hivyo, na yamkini padre aliandika kwa kustaajabia tu. Hata hivyo hesabu yenyewe aliipiga. Waafrika wengine waliopelekwa ugenini katika karne zilizofuata hawakupata bahati hiyo: walioneshwa kweli, katika masoko na maonyesho ya Ulaya, kwa kiingilio. Yasuke alisimama siku ile karibu kabisa na shimo hilo.

Maji na sabuni za Nobunaga

Aliyemvusha ni Oda Nobunaga. Bwana huyu, aliyezaliwa mwaka 1534, alikuwa amekwisha kuzishinda jeshi kwa jeshi koo nyingi za kivita za katikati ya Japani, na Kyoto ilikuwa mkononi mwake tangu mwaka 1568. Hakuwa mtu mpole. Aliwahi kuuteketeza mlima mzima wa mahekalu pamoja na watawa wake. Lakini alipenda sana mambo mapya: bunduki, ramani, nguo za kigeni, na mazungumzo na watu waliotoka mbali. Alipofikia mjini alikaa katika hekalu la Honnō-ji, mwendo mfupi tu kutoka kwenye kanisa la mapadre; kwa hiyo kelele za umati hazikuhitaji mjumbe.

Akaagiza mgeni aletwe. Padre Organtino, Mwitalia aliyeijua Kyoto kwa miaka mingi, akampeleka. Nobunaga alipomwona hakuamini kwamba rangi ile ni ya kuzaliwa. Akamwamuru avue nguo kuanzia kiunoni kwenda juu, na habari zinazosimuliwa huongeza kwamba alisuguliwa kwa maji ili ionekane kama wino utatoka. Haukutoka kitu.

Msomaji wa leo atakasirika, naye ana haki. Kuvuliwa nguo mbele ya hadhara, na kukaguliwa kama mfanyabiashara akaguavyo kitambaa, si jambo la kusimulia kwa kicheko. Lakini kina mama wasomao ukurasa huu wataelewa pia kwa nini wazo la wino liliingia katika kichwa cha mtawala yule. Katika Japani ya wakati huo, waungwana walijipaka poda nyeupe usoni, na wanawake wa heshima, hata baadhi ya wanaume wa kasri, waliyatia meno yao rangi nyeusi kwa dawa ya chuma. Kwao rangi ya uso ilikuwa kitu kipakwacho asubuhi na kuoshwa jioni. Mgeni afikaye Ibo na kumwona mama aliyejipaka msiro, uso mzima mweupe kwa unga wa mti uliosagwa juu ya jiwe pamoja na maji, naye akiwa hajui desturi hiyo, atauliza maswali ya kipuuzi vilevile.

Tofauti iko katika yaliyofuata. Nobunaga aliporidhika, aliwaita wanawe waje wamtazame, na mpwa wake aliyekuwa kamanda wa Osaka akampa mgeni sarafu 10,000 za shaba. Sarafu zile zilikuwa na tundu katikati, zikitungwa kwenye kamba kama shanga. Zote pamoja hazikosi kufika kilo thelathini, na si kila kijana angeondoka nazo begani. Ila huyu aliweza. Mwandishi Ōta Gyūichi, aliyekuwa mpiga upinde wa Nobunaga kabla ya kushika kalamu, alimwandika siku ile katika kumbukumbu za bwana wake: umri wake kama miaka 26 au 27, mweusi kama ng'ombe, mwenye siha njema na sura ya kupendeza, na nguvu kuzidi watu kumi. Asikasirike mtu kwa mfano wa ng'ombe. Ng'ombe wa Japani aghalabu ni weusi, nao ndio waliokuwa wakiyakokota magari ya wakuu. Gyūichi alitafuta kitu chenye rangi ile akakipata zizini.

Lugha aliyokuja nayo

Sasa tuirudie ile miezi ishirini ya kusini. Padre Lourenço Mexia, katika barua ya tarehe 8 Oktoba 1581, alieleza kwa nini jambo hili halikuishia kwenye kushangaliwa. Anasema mtu yule alikuwa akikijua Kijapani kwa kiasi, na Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye. Kadhalika alikuwa na nguvu nyingi na michezo mizuri ya kuwafurahisha watu.

Nguvu zake kila mtu anazikumbuka, na michezo ya kompyuta imezikuza mara mia. Mimi naona neno kubwa katika barua ile ni lugha. Wamisionari wengi walikuja Japani na vitabu, na baada ya miaka bado walihitaji mkalimani. Mtumishi hakuwa na kitabu. Alijifunza kama mtoto anavyojifunza, na kama askari aliye lindoni anavyojifunza: kwa kuwasikiliza wapishi, wapagazi, wabeba maji, wapiga makasia na watoto wa mtaani; kwa kukosea, kuchekwa, na kurudia. Alipoitwa mbele ya mtu mwenye kutisha kuliko wote nchini, na nguo zake zikiwa chini, alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kumvua.

Fikiri mambo yangekuwaje kama angekuwa bubu. Angetazamwa, angepewa zawadi, angerudishwa. Mnyama wa ajabu naye hutendewa hivyo. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alipelekwa hadi kasri la mfalme wa China, akashangiliwa, na kisha akabaki zizini. Kijana huyu, kwa upande wake, aliulizwa swali akajibu. Na hapo Nobunaga akagundua kwamba mbele yake yuko mtu aliyeziona Msumbiji, Goa, Malaka na Macau, yaani nusu ya dunia ambayo yeye mwenyewe, pamoja na majeshi yake yote, alikuwa akiiona kwenye ramani tu.

Mexia anasema kwamba baadaye Nobunaga alimtuma Yasuke autembee mji akifuatana na mmoja wa watu wake wa ndani, ili wote wajue kwamba anampenda. Matembezi hayo yanifurahisha kuliko mambo mengine yote katika habari hii. Barabara zilezile ambazo watu walikanyagana kwa ajili yake, sasa anazipita kwa miguu yake, taratibu, na mtu wa bwana mkubwa yuko ubavuni. Watu wa mji wakaanza kusema kwamba huenda akafanywa tono, yaani bwana mwenye ardhi na watu.

Alivyoviona

Katika matembezi kama hayo mtu wa kwetu angeviona vitu vya kumstaajabisha, na vingine ambavyo angevitambua upesi kuliko Wareno. Nyumba za Kyoto zilikuwa za mbao, nyembamba mbele na ndefu kwenda nyuma, duka likiwa barabarani na familia ikikaa ndani, jambo ambalo mtu wa mji wowote wa pwani hii analijua. Wenyeji walivua viatu mlangoni. Waliketi chini, juu ya mikeka, wala hawakuwa na viti. Walikula wali na samaki siku zote, na nyama mara chache. Mzungu wa karne ile, aliyezoea kukanyaga sakafu na matope ya barabarani na kuketi juu ya kiti, aliyaona hayo kuwa dunia iliyogeuzwa juu chini. Fróis alitunga kitabu kizima mwaka 1585 akiorodhesha mambo ambayo watu wa Ulaya na Wajapani huyafanya kinyume. Mtoto aliyelelewa juu ya mkeka asingehitaji kitabu kwa hayo.

Vijiti vya kulia chakula ndivyo vingemtoa jasho. Chai ya unga wa kijani, chungu na isiyo na sukari, nayo ilitaka ustahimilivu. Kuoga maji ya moto mara kwa mara lilikuwa jambo la kawaida kwa wenyeji, na harufu ya wageni wengi waliotoka melini iliwasumbua sana. Valignano alilitambua jambo hili. Mwezi Oktoba 1581 aliandika maagizo kwa mapadre wake wote wa Japani: nyumba ziwe safi kwa kipimo cha wenyeji, chakula kiandaliwe kwa desturi yao, na pawepo mahali na mtu wa kuwaandalia wageni chai. Mapadre wasomi waliandikiwa sheria ili wajifunze yale ambayo mtumishi wao alikuwa akiyafanya bila kuambiwa.

Tarehe 1 Aprili, siku ya sita tangu msafara uingie Kyoto, Nobunaga alifanya gwaride kubwa la wapanda farasi karibu na kasri, na mfalme Ōgimachi mwenyewe akahudhuria. Farasi bora wa nchi walikusanywa. Makamanda walivaa hariri za rangi zote. Kila mmoja alitaka kuupita mwenzake. Valignano alikuwa ameleta zawadi ya kiti cha mahameli nyekundu chenye nakshi za dhahabu, nacho kikabebwa juujuu na watu katika gwaride, mbele ya bwana wao, mara Nobunaga akashuka farasini kukikalia ili watu wamwone. Nani aliyewahi kulifanyia mazoezi gwaride la sikukuu ya taifa, akasimama juani tangu alfajiri, ambaye hatatabasamu kuona kwamba makamanda ni walewale katika kila karne?

Upanga, nyumba na posho

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nobunaga alimpa upanga. Katika nakala mojawapo ya kumbukumbu za Gyūichi imeandikwa kwamba mtu mweusi alipewa jina Yasuke, akapewa posho, upanga mfupi wenye ala ya mapambo, na nyumba yake mwenyewe. Na mara nyingine aliagizwa kubeba zana za bwana. Kwa desturi ya wapiganaji wa nchi ile, mbeba zana alikuwa karibu na mwili wa bwana wake kuliko majenerali. Hakuna mtawala mwenye akili ampaye kazi hiyo mtu asiyemwamini.

Siku hizi wataalamu na mashabiki hubishana kama aitwe samurai au la. Ubishi huo nawaachia wenyewe. Kwa familia ya askari, maneno matatu yatosha: posho, nyumba, silaha. Anayevipokea vyote vitatu kutoka kwa serikali anajua yeye ni nani.

Mwaka uliofuata aliandamana na Nobunaga katika safari ya vita dhidi ya ukoo wa Takeda, upande wa mashariki, na walikuwa njiani wakirudi ilipofika tarehe 11 Mei 1582. Siku hiyo mpiganaji mmoja wa upande wa Tokugawa, Matsudaira Ietada, aliyekuwa na tabia ya kuandika mambo ya kila siku, alimwona Yasuke akipita na jeshi.

Siku arobaini na moja baadaye mambo yalipinduka. Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1582, jenerali Akechi Mitsuhide alimgeuka bwana wake, akalizunguka hekalu la Honnō-ji na askari wapatao 13,000. Nobunaga alikuwa na watu wachache tu. Hekalu likawaka moto, naye akafia humo. Yasuke alitoka akaenda kwenye nyumba ya Nobutada, mwana na mrithi wa Nobunaga, ambako vita vilikuwa bado, akapigana kwa muda mrefu. Hapakuwa tena na bwana wa kumlipa wala nyumba ya kurudia, na mji ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwa adui. Mwisho, mtu wa Akechi alimkaribia akamwambia asiogope, autoe upanga wake. Akautoa.

Akechi alipoulizwa afanyweje mtu huyu, alijibu kwamba ni kama mnyama, hajui kitu, tena si Mjapani. Asiuawe, apelekwe kwenye kanisa la mapadre. Jibu hilo lilimwokoa roho yake, na lilikuwa la uongo. Mtu aliyetoka kupigana kwa ajili ya mtoto wa bwana aliyekwisha kufa, huku njia ya kukimbilia ikiwa wazi, anajua kitu.

Habari hii ya mwisho twaipata tena kwa Fróis, nayo ndiyo barua ya mwisho inayomtaja. Jambo moja katika karatasi hizo zote lanigusa. Mapadre walisafiri naye, walikula chakula alichokibeba, waliuona umati mlangoni na moto wa Honnō-ji. Lakini katika barua zao wanamwita Kafiri tu, toka mwanzo hadi mwisho. Jina tunalolijua limetoka kwa Wajapani. Matsudaira Ietada alimwona njiani siku moja tu, katika vumbi la jeshi linalorudi kutoka vitani, na jioni akaandika katika daftari lake kwamba ngozi yake ilikuwa kama wino, urefu wake shaku 6 na bu 2, ambazo ni kama sentimita 182 kwa vipimo vya leo, na kwamba jina lake ni Yasuke.